Nilivyobaki na Mitambo

Semina ya kwanza ilifanyika kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni pale Singida mjini, madirisha yote yamefungwa. Ukifungua dirisha, upepo unaingia na vumbi na kupeperusha karatasi zote mezani. Mapazia nayo yalishushwa ili picha za projekta zionekane ukutani. Tulikaa humo tangu asubuhi hadi alasiri, watu wa viwanda vya kukamua alizeti na wachache wa pampu za maji, tukitazama michoro ya mishale inayozunguka na kurudi ilikotoka. Mwalimu alikuwa ametoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana mpole, anaijua kazi yake, ila alifundisha kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila alipouliza kama tumeelewa, ukumbi mzima ulitikisa vichwa kukubali.

Kiwandani kwetu tulitumwa watatu: fundi mkuu, mzee aliyekaa na boila miaka mingi hadi sikio lake moja likawa halisikii; kijana wa upande wa kusafisha mafuta; na mimi, fundi umeme. Mwenye kiwanda alikuwa ameagiza mitambo mipya. Zamani mtu alisimama pale, anaangalia geji, anafungua vali kwa mkono, anafunga. Sasa kompyuta ingepima joto na presha yenyewe, ilinganishe na kiwango ulichoipangia, kisha ifungue na kufunga yenyewe. Mwalimu aliiita mifumo ya kisasa ya udhibiti. Sisi kiwandani tuliiita kontro, basi.

Siku ya pili niliuliza swali. Nilikuwa nimeangalia mchoro wake nikaona kitu kinachopima joto kimewekwa mbali na moto, nikauliza: kama taarifa inachelewa kufika, mitambo si itakuwa inakimbiza joto ambalo limeshapita? Mwalimu aliweka kalamu chini, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi, na tangu hapo akawa anafundisha akinitazama mimi. Nilivimba kichwa, sikatai. Kwenye chai ya saa nne fundi mkuu akanisogelea na chapati yake mkononi.

"Mwanangu," akasema, "hapo umejifunga."

"Kwa nini, baba?"

"Wameshajua kuwa unajua."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alirudi kukaa kwenye kiti chake cha nyuma, na siku zilizobaki hakuuliza lolote.

Mitambo ilifungwa, ikaanza kazi. Fundi mkuu alistaafu kabla hata hatujaizoea, akarudi kwao Ikungi kufuga. Kijana wa kusafisha mafuta naye alikaa msimu mmoja tu, akapata kazi mgodini huko Kahama. Siku alipoaga, meneja alinishika bega mbele ya watu akasema, "Injinia, kiwanda sasa kiko mikononi mwako." Mimi si injinia, nina stashahada tu, lakini jina lilishika, na kwa wiki kadhaa nililivaa kama nguo mpya.

Chumba cha kontro kilikuwa chumba kidogo cha kioo, kimejengwa juu ya ngazi ya chuma ili anayekaa humo aone kiwanda chote. Chini yangu niliwaona wenzangu wakipakua magunia, wakisukuma mashudu ya alizeti kwa sepetu, wakitaniana. Sauti zao sikuzisikia. Nilisikia feni ya kompyuta na mlio wa kiyoyozi. Zamani, nilipokuwa fundi umeme wa kawaida, nilizunguka kote na bisibisi mfukoni, nikila muhogo na wapakiaji. Sasa nilipotaka kwenda chooni nilitazama kwanza skrini, na nikiwa chooni nilitega sikio.

Simu ndiyo iliyonimaliza. Nikitoka kiwandani, inanifuata. "Injinia, imewaka nyekundu." "Injinia, vali imegoma." Jumapili moja kanisani, tumesimama kuimba, simu ikatetemeka kwenye mkoba. Nilitoka nje nikaelekeza mtu kitufe cha kubonyeza, nikarudi. Ikatetemeka tena. Mara ya tatu mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinyanyua miguu yake kabla sijaomba njia. Baada ya hapo nikawa nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na baadaye nikaacha kwenda. Hakuna aliyenikataza. Niliona tu aibu ya kuingia na kutoka.

Msimu wa kukamua ulikuwa umepamba moto, malori ya alizeti yamepanga foleni hadi barabarani, binamu yangu aliponipigia kutoka Kintinku. Mama alikuwa amemfuata mbuzi aliyeingia korongoni, akateleza, akaanguka. Nyonga. Walikuwa wamempeleka hospitali Manyoni kwa pikipiki ya magurudumu matatu.

Niliingia kwa meneja nimesimama, sikukaa. Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alinipa pole kwa dhati, akaniuliza kama nina wa kunisindikiza. Kisha akatazama nje.

"Nenda, dada yangu. Mama ni mama. Lakini niambie, nani anabaki na mitambo?"

Nilifungua mdomo nitaje jina. Sikuwa na jina.

"Tukiizima," akaendelea taratibu, kama anayeniomba ushauri, "hawa wakulima wote na magunia yao nitawaambia nini?"

Tukakubaliana niende Ijumaa nirudi Jumapili. Sauti yake ilikuwa ya upole kiasi kwamba nilitoka ofisini nikijihisi nimetendewa wema, na ni pale tu nilipokuwa napanga nguo kwenye mfuko ndipo nilipogundua kuwa nimeomba ruhusa ya mama mgonjwa nikapewa mapumziko ya mwisho wa wiki.

Wodini mama alikuwa amelala chali, mguu umefungwa mzigo wa kuuvuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za safari kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kutibiwa. Nilikuwa namlisha uji simu ilipoita. Nikaweka bakuli, nikaelekeza. Ikaita tena wakati wa kumgeuza. Ikaita tena nikizungumza na daktari. Mama alinitazama muda mrefu.

"Huyo anayekupigia, ni mchumba?"

"Ni kazi, mama."

"Basi ije itoe mahari," akasema. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Alipotolewa hospitali hakuweza kukaa peke yake. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliye hai. Kwenda kuishi naye Kintinku ilimaanisha kuacha kazi iliyokuwa ikitulisha sote, na kazi yenyewe haikuwa na mlango wa kutokea hata kwa mwezi mmoja. Nikamleta Singida, kwenye nyumba niliyopanga Utemini: vyumba viwili, ua wa tofali, geti la bati lenye kizingiti kirefu cha saruji cha kuzuia maji ya mvua.

Kile kizingiti mama hakuweza kukivuka. Mguu ulipona, ila haukunyanyuka kiasi hicho. Kwa hiyo dunia yake ikawa ule ua. Huko kwake alizoea kuamka na kuona shamba la uwele hadi reli, na watu wanaopita njiani wanamsalimia kwa jina la baba yake. Hapa aliona ukuta. Asubuhi niliweka kigoda chake upande wa magharibi wa nyumba, na mchana mpangaji mwenzetu alimhamishia mashariki, akifuata kivuli. Siku za mwanzo aliwasalimia wapangaji kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kishambani, nao, Wanyaturu na Wanyiramba wenye adabu zao, waliitikia kwa Kiswahili, "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Kiswahili chake ni cha sokoni. Hajazoea kukitumia kusema anachojisikia. Taratibu salamu zikapungua, kisha akawa anainua mkono tu.

Nikirudi jioni aliniuliza maswali yale yale. Mawingu yametanda upande gani? Binamu ameshafyeka shamba? Mbuzi yule aliyeingia korongoni walimpata? Nilimpikia mlenda, akala kidogo. Siku moja alisema bila hasira yoyote, "Mwanangu, hapa nimewekwa vizuri." Kuwekwa. Ni neno tunalolitumia kwa vyombo. Nililala na neno hilo siku nyingi.

Ndipo nikamwendea meneja nikamwambia nataka semina nyingine, na mwalimu nitakuwa mimi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, lakini alikubali upesi, kwa sababu kumwita tena yule kijana wa Dar ilikuwa shughuli. Tukatumia kantini, baada ya chakula cha mchana, harufu ya maharage bado iko hewani. Walikuja wawili: kijana aliyetoka chuo cha ufundi karibuni, na mwanamke wa upande wa kufungasha, mwenye mtandio wa rangi ya kahawia, aliyekuwa ameomba mwenyewe.

Nilipanga kufundisha kwa Kiswahili, na hapo nikagundua kuwa mambo mengi niliyajua kwa Kiingereza tu. Ile mishale inayorudi ilikotoka, kiini cha somo zima, niliiita marejesho. Yule mwanamke akashika kichwa.

"Dada, marejesho tena? Sisi tunayakimbia kule kwenye vikundi vya mikopo, na huku yametufuata?"

Tulicheka hadi mpishi akachungulia. Nikabadilisha, nikasema taarifa inayorudi. Nikawaambia wafikirie wanavyosonga ugali: jicho linaangalia sufuria, mkono unapunguza kuni. Jicho likifumba, mkono haujui la kufanya. Kijana aliandika. Mwanamke hakuandika, alinitazama tu, kisha akauliza jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulizoea: ukishapunguza kuni, unasubiri muda gani kabla hujazipunguza tena? Nikamwambia hapo ndipo watu wanapoharibu. Pipa la kupashia mbegu moto ni kubwa, joto lake huchelewa kupanda na huchelewa kushuka. Mwenye haraka atafungua mvuke, aone bado, afungue zaidi, na joto likifika linafika lote kwa pamoja, mbegu zinaungua. Kisha anafunga kwa hofu, linaporomoka. Anabaki anakimbia juu na chini siku nzima. Kusubiri ni sehemu ya kazi.

Kijana alielewa upesi sana. Kabla mafunzo hayajamalizika vizuri alipata barua ya kiwanda kingine, Dodoma, akaja kuniaga kwa furaha, na mimi nikampongeza kwa mdomo. Siku hiyo meneja alipanda ngazi hadi chumba cha kioo. Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ninamwonyesha skrini. Meneja alimtazama, akaniambia mimi, "Huyu angalau hatatoroka. Ana watoto shuleni hapa, nyumba yao ipo hapa. Mfundishe huyu."

Aliposhuka, mwanamke aliendelea kutazama skrini. Mgongo wake ulikuwa umekakamaa.

Nilitaka kusema kitu. Lakini ukweli ni kwamba hata mimi, siku alipoomba kujiunga, jambo la kwanza nililolifikiria ni hilo hilo: huyu hana pa kwenda. Nilikuwa natafuta mtu wa kukaa kwenye kiti ili mimi ninyanyuke. Nikamwonyesha ukurasa wa vali za mvuke.

Alijifunza. Hakuwa na haraka, na mitambo ile inawapenda wasio na haraka. Siku moja mchana umeme uliyumba, kila kitu kikawaka nyekundu, na mimi nilikuwa chini kwenye mota. Nilipanda ngazi mbio, nikamkuta amekaa ameshikilia mikono yake mapajani ili isiguse kitu. "Nimefunga mvuke," akasema, "sasa nangoja." Nilisimama nyuma yake. Taa zilizima moja baada ya nyingine. Niliona machozi yananitoka, nikajifanya ni vumbi.

Mvua za kwanza zilipokaribia nilimwambia meneja naondoka wiki nzima. Hakuuliza nani anabaki. Wapangaji wenzetu walimbeba mama kuvuka kizingiti, kila mmoja mkono wake, naye akawaambia "Asanteni" kwa Kiswahili, kisha akaongeza mambo mengi kwa Kigogo ambayo hawakuyaelewa, wakaitikia "Amina, bibi." Tukapanda basi la Dodoma. Baada ya Manyoni, tulipoanza kushuka bondeni, alianza kunitajia mashamba ya watu: hili la fulani, hili walikuwa wanagombania, hapa palikuwa na mti. Sikuwa nimemsikia akisema sana hivyo tangu aanguke.

Nyumba ilikuwa imeliwa na mchwa kona moja, ila imesimama. Majirani walijaa. Jioni ile ile alimwamuru binamu yangu amletee mbegu azikague. Nilielewa kabla hajasema. Siku ya kuondoka nilifungasha nguo zangu tu.

"Utaweza, mama?"

"Mke wa binamu yako atanichotea maji. Mengine nitakaa chini nifanye nimekaa."

"Ukianguka tena?"

"Nitaangukia kwangu," akasema, akanipapasa shavu.

Niliporudi kiwandani nilidhani nitamkuta mwenzangu wa chumba cha kioo amefurahi. Wiki nzima kiwanda kilikuwa kimetembea bila kusimama. Nilipanda ngazi na zawadi ya karanga. Alikuwa amevimba macho. Mwanawe mdogo alikuwa ameshikwa na malaria katikati ya wiki, shule ikapiga simu, naye hakuweza kutoka. Jirani ndiye aliyempeleka zahanati. Mtoto alikuwa ameshapona, anacheza. Hakulalamika. Alipokea karanga, akaziweka kando ya skrini.

"Dada, naomba nikwambie kitu usinielewe vibaya."

"Sema."

"Sitaki kuwa wewe."

Nilikaa kwenye ngazi, mlangoni, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Yeye naye aliona haya, akaanza kurekebisha mtandio.

"Unanifundisha vizuri," akasema. "Lakini unanifundisha peke yangu. Tufundishe na wengine. Watatu, wanne. Hata wakiondoka wawili, wawili watabaki."

Tulikwenda kwa meneja pamoja. Alikataa. Alisema kila anayefundishwa anaondoka, yeye anafundishia watu viwanda vya wenzake. Kwa kawaida ningenyamaza hapo. Safari hii nikamwambia wanaondoka kwa sababu tunamfundisha mtu mmoja halafu tunamfungia humo juu, na mtu aliyefungiwa akiona upenyo atapita. Nikamwambia na mimi nitapita. Sikuwa na kazi nyingine popote, lakini nilimaanisha. Mwenzangu alikuwa amesimama karibu yangu kiasi kwamba mabega yetu yaligusana. Meneja alitutazama kwa zamu, akauliza tunataka saa gani.

Alitupa Jumamosi baada ya usafi, mitambo ikiwa imezimwa. Semina ya tatu tuliifundisha wawili. Walikuja wapakiaji, mfagizi mmoja, na mlinzi wa zamu ya mchana aliyesema amechoka kutazama geti. Si wote walioiva. Mlinzi aliacha Jumamosi ya pili, akasema kichwa kinamuuma na ile mishale. Mpakiaji mmoja alijifunza, kisha akapata kazi Dodoma kama meneja alivyotabiri, na meneja hakuacha kunikumbusha. Walibaki wawili wa kutegemewa. Pamoja na sisi tukawa wanne, na kwenye mlango wa kioo tukabandika ratiba ya zamu.

Sikuachiwa huru, nisidanganye. Likitokea la ajabu bado wananipigia mimi, na nikiwa popote nikisikia feni ya kompyuta, hata benki, mwili wangu unasimama wima kabla akili haijajua. Nimerudi kanisani, lakini nakaa bado benchi la mwisho. Mama yuko Kintinku, anachechemea na fimbo hadi mwanzo wa shamba lake, na mimi nakwenda zamu zangu zinaporuhusu.

Safari ya mwisho nilikuwa nimekaa naye tunapukuchua uwele, simu ikaita. Nilisimama wima kama kawaida. Alikuwa mwenzangu.

"Mitambo mizima," akaanza upesi, kwa kuwa ananijua. "Mdogo wangu anaolewa Ikungi. Nilitaka kujua unarudi lini, nipange."

"Jumatano."

"Sawa. Msalimie mama."

Nilimfikishia mama salamu, akaniuliza ni za nani, nikamweleza. Tukaendelea kupukuchua mpaka ungo ukajaa. Jumatano asubuhi nilipanda basi, nikaingia kiwandani mchana, nikamkuta mwenzangu ameshavaa viatu vyake vya kutokea, mkoba begani. Alinionyesha kwenye skrini vali moja ya kuangalia, akashuka ngazi kwa haraka, na kupitia kioo nikamwona akikatiza uwanja wa mashudu hadi getini.